Paka wa kuokolewa katika fleti ya Umoja

Swali: Naishi Umoja, ghorofa ya nne. Nataka kuchukua mnyama aliyeokolewa. Nianze wapi?

Jibu: Dada, anza kwa kumuuliza keateka kama wanyama wanaruhusiwa: mwenye nyumba akikataa baadaye, mnyama ndiye hurudishwa. Kisha nenda KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen. Wakitaka kuona unapoishi, wakaribishe. Ningekushauri paka mzima, si mtoto wa mbwa atakayelia kutwa ukiwa kazini. Uliza kama amehasiwa, na udai kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka pia huambukizwa. Mitaani kwetu ninachohofia zaidi ni sumu ya panya: paka akimla panya aliyeila, naye anaweza kufa. Mlee ndani, weka wavu kwenye roshani, na uzungumze na majirani kabla hajafika.