PANGA: CHOMBO CHENYE KAZI NYINGI

Shoka hupasua kuni. Mundu hukata majani. Je, ukiruhusiwa kuchukua chombo kimoja tu, utachagua kipi?

Huko Uru, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, wakulima wengi huchukua panga. Kwa panga hukata mikungu ya ndizi, hukatakata migomba ya kulisha ng'ombe walio zizini, na hufyeka magugu.

Tazama panga kwa makini. Mgongo wake ni mnene na makali yake ni membamba. Umbo hili huitwa kabari. Unapokata, nguvu ya mkono hukusanyika kwenye makali. Kabari huingia katika mti na kuutenganisha pande mbili.

Jaribio
Mbele ya mwalimu, weka kipande cha mgomba mezani. Kikandamize kwa mgongo wa kisu, kisha kwa makali. Ni upande upi unaotaka nguvu kidogo?

Kuchagua panga
Chagua panga lenye mpini usiocheza na uzito unaoumudu. Panga zito hukata kwa nguvu, lakini huchosha mkono upesi, na mkono uliochoka hukosea. Panga butu lina hatari pia: hutaka nguvu nyingi, nalo huweza kuteleza na kukujeruhi. Usiling'olee mawe, kwani huweza kupinda au kuvunjika.

Maswali
1. Kwa nini panga lililonolewa hukata kwa urahisi?
2. Taja vyombo vingine viwili vyenye umbo la kabari.
3. Ni kazi gani ambayo shoka huifanya vizuri kuliko panga? Eleza sababu.