Dondoo muhimu: Mwalimu wa kujitolea na mzazi wasiosikilizana lugha

Mwalimu wa kujitolea anayefundisha watoto wa wakimbizi wa Kongo mjini Louisville, Marekani, mara nyingi huishia mlangoni na mzazi: salamu, tabasamu, basi. Yapo ya kufanya.

Mtoto asifanywe mkalimani. Akitumwa amweleze mama kwamba hesabu zimemshinda, atasema mambo ni mazuri, na nani wa kumlaumu? Shuleni mzazi aombe mkalimani, naye ana sheria ya kuegemea. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu iliwapa haki wanafunzi wasiojua Kiingereza kwa kutumia sheria hiyohiyo.

Kabla ya kumwita mkalimani, uliza nyumbani wanazungumza nini. Kiswahili cha Bukavu si cha Dar es Salaam, na wapo wanaotumia Kibembe au Kinyamulenge.

Miadi ndiyo hukorogeka zaidi. Saa kumi jioni kwa Mswahili ni saa 4 kwa Mmarekani, kwa hiyo tuma picha ya saa yenye mishale, pamoja na siku.

Barua ndefu zipunguzwe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp humfikia hata asiyesoma, tena ataurudia apendavyo. Mwite Mama Furaha au Baba Amani, kwa jina la mwanawe. Kisha fungua daftari mbele yake, umwoneshe kurasa zilizosahihishwa.