Kutoboa Tangi la Kioo Bila Kulipasua



Katika ziara zetu kisiwani Mombasa tunaulizwa: tutatoboaje tangi la samaki wa mapambo ili maji yashuke kwa bomba hadi tangi la chujio? Swali ni zuri. Kioo kikipasuka, michango ya miezi mingi imekwenda. Basi tujifunze kabla ya kushika drili.

Tujue kioo. Kioo cha kawaida hutoboka. Kile kilichokazwa kwa moto, kama cha madirisha ya ubavuni mwa gari, hakitoboki, husambaratika chote. Matangi ya kiwandani mara nyingi huwa nacho kwenye kitako. Muulizeni aliyeuza. Kama hana hakika, msitoboe.

Tupime. Nunueni konekta kabla ya biti, maana shingo ya konekta ya inchi 1 ni nene kuliko inchi 1. Iwe ya plastiki. Shaba huliwa na maji ya chumvi, tena ni sumu kwa kamba na kiti cha pweza. Kutoka ukingo wa kioo hadi tundu, nafasi isipungue upana wa tundu lenyewe.

Tutoboe.

1. Lazeni tangi tupu. Bandikeni seloteip upande wa ndani, nyuma ya alama.
2. Zungushieni alama udongo wa mfinyanzi, mtie maji. Maji hupoza kioo na kuzuia vumbi lisiingie mapafuni.
3. Vaeni miwani. Tumieni drili ya betri. Stima na maji havipatani.
4. Biti iwe ya mduara yenye unga wa almasi, ikiongozwa na ubao wenye tundu. Mwendo wa chini, bila kukandamiza. Ikikaribia kutokeza, legezeni mkono zaidi. Hapa pole pole ndio mwendo kweli.
5. Sugueni ukingo kwa msasa wa maji. Mpira ukae upande wa kichwa cha konekta. Kazeni kwa mkono. Jazeni maji, mngoje siku nzima.

Stima ikikatika? Pampu ikisimama, maji ya juu hushuka hadi usawa wa tundu. Tangi la sm 90 kwa 40 likipungua sm 3: 90 × 40 × 3 = 10,800, yaani lita 10.8. Tangi la chini liwe na nafasi hiyo. Mdomo wa bomba la kurudisha maji ukae karibu na uso wa maji, la sivyo litanyonya mengi zaidi.

Tena, nyumba nyingi za Mji wa Kale zina sakafu za boriti za mikoko. Tangi hilo likiwa na maji ya kimo cha sm 40 ni lita 144, uzito unaopita kilo 144. Liwekeni chumba cha chini, jirani asije akadhurika.

Tujadiliane kikundini

- Nani ana mkono mtulivu? Amejaribu kwanza kwenye kipande cha kioo kibovu?
- Tangi letu la chini lina nafasi ya lita ngapi?
- Samaki wetu wamevuliwa kwa kibali, nje ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa 1986?