Mnachota wapi? Jinsi ninavyotafsiri “get”

Hojaji ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Shirika moja lilitaka kuwauliza watu wa Kitui, nchini Kenya, habari za maji, mashamba na afya ya watoto, nami nikapewa siku nne kuitoa katika Kiingereza na kuitia katika Kiswahili. Kitenzi “get” kilijaa humo kama mchanga kwenye kiatu. Nilikuwa na haraka, kwa hiyo kila nilipokiona niliandika “pata” na kusonga mbele.

Tuliijaribu karibu na mto Tiva, mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijaanguka. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Mhoji akasoma swali la kwanza: “Mnapata wapi maji?” Mama mmoja wa makamo ya mamangu akajibu, “Hatupati.” Mhoji akaandika kwamba boma hilo halina maji. Lakini nyuma ya mama ilikuwapo mitungi minne, imejaa mpaka shingoni.

Nikamuuliza, “Mwaitu,” yaani mama kwa Kikamba, lugha ya pale, “na haya je?”

“Haya tumechota pale mchangani, tangu alfajiri. Wewe umeuliza kupata. Tukipata, si yangekuwa yanatoka kwa mfereji?”

Nilibeba jibu hilo hadi nyumbani, na ndilo lililonifunza kazi hii. “Pata” ina bahati ndani yake. Mwenzake ni “kosa”: mtu hupata kile ambacho angeweza kukikosa. Anapata kazi, anapata mtoto, anapata barua aliyoingojea. Mama yule hakubahatika kwa lolote. Alichimba, akachota, akabeba. “Get” ya Kiingereza haijali tofauti hiyo, lakini yeye anaijali, na ana haki.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na kitenzi. Nakifunika kwa kidole, nasoma maneno yanayokifuata, kisha najiuliza: mtu huyu anafanya nini kwa mikono na miguu yake? Kikifuatwa na maji, huchota au huteka. Kikifuatwa na basi, hupanda. Kikifuatwa na nyumbani, hufika. Kikifuatwa na wazo au maneno ya mwenziwe, huelewa. Kitenzi kimoja kinavunjika vipande, na kila kipande tayari kina neno lake.

Pale “get” inapofuatwa na sifa ya kitu, Kiswahili kina utajiri ambao wengi wetu tunausahau. Mara nyingi hatuhitaji kitenzi cha pembeni, kwa kuwa sifa yenyewe hugeuka kitenzi. Mnene hunenepa, mzee huzeeka, kirefu hurefuka. Ndengu hazihitaji “kupata kukauka” wala “kuwa kavu”: hukauka, basi. Dada yangu anayefanya uuguzi Tampere, nchini Ufini, alinieleza kwamba Kifini nacho hufanya hivyo. Wana kitenzi “saada” kinachokaribia “pata” yetu, lakini hawakitumii kwa kuzeeka. Kutokana na “vanha”, yaani -zee, wanaunda “vanheta”, na kutokana na “sairas”, mgonjwa, wanaunda “sairastua”, kuugua. Nilifurahi mno kusikia hivyo. Watu wa theluji na sisi wa ukame tunakikwepa kitenzi hiki cha Kiingereza kwa njia ileile.

Magonjwa yalinisumbua zaidi. Niliandika, “Je, mtoto wako amewahi kupata ukambi?” Watu walielewa, maana siku hizi ndivyo wengi wanavyosema. Hata hivyo nililibadilisha swali, kwa sababu maswali mawili mbele yake palikuwa na “kupata chanjo ya ukambi”, na masikioni mwa mzazi aliyechoka maswali hayo mawili yalikuwa yanafanana. Chanjo nikaandika “amechanjwa”, ugonjwa nikaandika “aliugua”. Tena, ukisikiliza vizuri, Kiswahili huwa kinageuza jambo baya kichwa chini. Twaweza kusema mtu amepata ajali, lakini pia ajali humpata mtu. Msiba ulimpata, homa ilimshika, giza lilimkuta njiani. Katika Kiingereza aliyeumia ndiye mtenda. Kwetu hakutenda, alitendwa, nami sitaki tafsiri yangu imbebeshe mgonjwa kosa la kuugua.

Swali la ndoa sikulitarajia kabisa. Kiingereza kiliuliza mtu “alipata ndoa” lini, bila kujali kama ni mume au mke. Kiswahili kinakulazimisha kuchagua: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mimi nikaweka mistari miwili, mmoja wa wanaume, mmoja wa wanawake, nikaona nimemaliza. Kisha bibi mmoja upande wa Mutomo akaulizwa, “Uliolewa lini?” Akataja mwaka, halafu akaongeza kwa utulivu, “Na mimi pia nimeoa.” Alikuwa ameoa kwa desturi ya iweto, ambayo kwayo mwanamke katika Ukambani huoa mwanamke mwenzake ili boma lake liwe na watoto. Hojaji yangu haikuwa na mahali pa kumwandika. Sasa mistari yote miwili anasomewa kila mtu.

Kulinganisha neno na neno si jambo jipya. Mnamo 1849 mmisionari Krapf alifika Kitui na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba, na mwaka uliofuata akachapisha orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwemo. Namheshimu kwa kazi ile. Lakini orodha hupanga neno mkabala na neno, na anayetafsiri hojaji hana budi kukumbuka kwamba mhoji atasoma Kiswahili huku akieleza kwa Kikamba papo hapo mlangoni. Kikamba kina “kũkwata”, ambacho ni kushika na pia kupata. Ukiandika “pata” ovyo, mhoji wa tatu atatoka na maana ya nne. Ndiyo maana nampa mtu ambaye hajaona Kiingereza asome kwa sauti, aniambie kwa Kikamba amesikia nini. Akisitasita, nalaumu sentensi yangu.

Swali lililonichukua siku nzima lilikuwa fupi kuliko yote: muda wa kwenda, “get” maji, na kurudi. Pale Tiva nilihesabu yaliyomo katika silabi hiyo moja. Unafukua mchanga hadi unyevu utokee. Unangoja maji yajikusanye. Unachota kwa kikombe, kidogo kidogo, usiyachafue. Walio mbele yako nao wanangoja, na punda anangoja. Nilipoandika “kuchota” tu, watu walitaja muda wa kikombe na kuuacha ule wa foleni.

Swali lilichapishwa hivi: “Kuanzia mnapotoka nyumbani, mkachimba, mkangoja zamu, mkachota, hadi mnaporudi, huchukua muda gani?” Tulipomsomea yule mama wa kwanza, alitazama jua kidogo, akamwita binti yake waanze kuhesabu pamoja.