Ibada Hotelini Siku ya Krismasi

Masomo: Marko 6:30-34; Matendo 16:12-15; Kumbukumbu la Torati 5:12-15; Yohana 21:1-14



Baada ya maombi ya Jumatano, mama mmoja wa hapa kwetu alinisubiri mlangoni. Kijana wake anayefanya kazi Nairobi amemlipia yeye na wajukuu siku nne katika hoteli ya ufuoni huko Pwani, kuanzia tarehe 23 Desemba. Badala ya kufurahi, mama alikuwa na mzigo. "Pasta, tangu niokoke sijakosa kanisa siku ya Krismasi hata mara moja. Sasa huko hotelini nitaabudu wapi? Ama niwaambie waende bila mimi?"

Nilimjibu: Mama, nenda. Lakini usimwache Mungu hapa Runyenjes. Na kwa kuwa najua hauko peke yako, wiki hii tujifunze pamoja.

1. Kupumzika si dhambi

Mitume walirudi kutoka kazini wamechoka, na watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Yesu hakuwakemea. Aliwaita kando wapumzike. Kwa hivyo wewe uliyechuma kahawa tangu Oktoba, ama uliyesimama darasani mwaka mzima, usione haya kupumzika.

Lakini endelea hadi mstari wa 34. Walipofika mahali pa kupumzika, watu walikuwa wamewatangulia. Yesu akawahurumia, akaanza kuwafundisha. Mwili ulikuwa umeenda mapumziko, ila huruma haikuchukua likizo. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka. Tunafunga Biblia pamoja na mlango wa nyumba, tukirudi Januari tunaanza wokovu upya. Si ni kweli?

2. Mungu hafungwi na jengo

Paulo alipofika Filipi, siku ya Sabato alitoka nje ya lango, akaenda kando ya mto ambako alidhani pana mahali pa kusali. Akawakuta akina mama, akaketi, akazungumza nao. Lidia aliyeokoka pale hakuwa mwenyeji. Alikuwa mtu wa Thiatira, muuzaji wa nguo za zambarau. Msafiri alimhubiri msafiri, na nyumba nzima ikabatizwa.

Mwaka 1868, mtu mmoja aitwaye Josiah Spiers alikuwa Llandudno, mji wa mapumziko kando ya bahari huko Wales. Aliandika mchangani maneno ya kusema Mungu ni upendo, akawaomba watoto waliokuwa likizo wayapambe kwa mawe na makombe ya baharini. Kisha akawaeleza habari za Yesu. Hakuwa na jukwaa wala spika. Kazi hiyo ya watoto, iliyokuwa imeanza London mwaka 1867, ndiyo ilikuja kuitwa Scripture Union. Wengi wenu mliokuwa CU shule za sekondari mmekula matunda yake bila kujua kwamba mti ulipaliliwa ufuoni.

Lakini pana baa karibu na bwawa la kuogelea? Danieli aliishi katika jumba la Babeli akamtumikia Mungu humo. Swali si kile kilicho mezani pa jirani. Swali ni wewe umekaa vipi mezani pako.

3. Usimwabudu Mungu juu ya mgongo wa mwenzako

Hapa nataka tutulie kidogo, maana ndipo penye uchungu.

Binti mmoja wa kanisa hili anahudumu mezani katika hoteli huko Pwani. Krismasi kwake ni kazi tu. Alipokuja nyumbani Februari aliniambia neno ambalo bado linanisumbua. Alisema, "Pasta, wageni waliookoka walifanya ibada bustanini siku ya Krismasi. Mimi ndiye niliyepanga viti, saa kumi na moja alfajiri. Waliimba wimbo tuliouimba hapa nikiwa sande skuli, nikatamani sana kuingia. Ibada ikapitisha muda, chai ikapoa. Walipomaliza wakaja wakanigombeza. Mmoja alikuwa bado ameshika Biblia."

Wapendwa, Kumbukumbu la Torati 5:14 haisemi wewe tu upumzike. Inamtaja mtumishi wako na mgeni aliye malangoni mwako, ili wapumzike kama wewe. Hata sheria ya Kenya ya ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kama ibada yangu inamwongezea dada huyu mzigo halafu namtukana kwa sababu ya chai, nimeabudu nini?

Sisemi kama aliye safi. Niliwahi kuongoza kesha la vijana katika nyumba ya wageni. Tulifungulia spika mpaka mwisho. Saa saba usiku mama mmoja akaja amebeba mtoto mgonjwa, akaniomba tu tupunguze. Niliona aibu. Tulikuwa tukiombea wagonjwa!

4. Basi tufanyeje?

Omba ruhusa kwa meneja mapema, mkubaliane mahali na saa. Anzeni kwa wakati, malizeni kwa wakati. Nusu saa ya moyo wote inatosha.

Imbeni bila spika. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, hazimwachi mtu asumbue wengine kwa sababu anaimba pambio. Na kumbuka Pwani ina majirani Waislamu wengi. Waheshimu.

Alika, usilazimishe. Katiba, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini, na hakuna anayeweza kushurutishwa kutenda kinyume cha imani yake. Mfanyakazi asije ibadani kwa kuogopa mgeni.

Uliza zamu za wafanyakazi. Pengine saa inayowafaa wao ni alasiri baada ya vyombo kuoshwa. Sogeza ibada yako kwa ajili yao. Viti mpange wenyewe, na mvirudishe.

Mwisho, tazama Yohana 21. Wanafunzi wamefanya kazi usiku kucha. Ufuoni wanamkuta Bwana aliyefufuka amewasha makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita waje wale. Mwana wa Mungu aliandaa kifungua kinywa! Anayekuletea chai hotelini anafanya kazi ambayo Bwana wetu aliifanya kwa mikono yake.

Nilimweleza yule mama haya yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi nitaanza kwa kumuuliza anayetandika kitanda jina lake." Mama ameelewa somo kuliko mimi niliyelifundisha.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ukiwa safarini, ni nini huacha kwanza: maombi, Neno, ama upole?
2. Ni nani katika familia yako atakuwa kazini siku ya Krismasi? Utamfikishiaje ibada?

Tuombe: Bwana, tunakupa likizo zetu. Walinde walio safarini na walio zamu. Utufanye wageni wanaobariki nyumba wanamolala. Katika jina la Yesu, amina.