Kumfadhili Mtoto wa Kimaya

Wanachama wenzangu, neno "kufadhili" twalijua kwa sababu ya karo. Kule Guatemala, Amerika ya Kati, lawahusu sana watoto wa Wamaya wa milimani. Mfadhili aliye ng'ambo hutuma pesa kila mwezi kupitia shirika. Mtoto hupata sare, madaftari na pengine matibabu, naye humwandikia barua.

Lakini ati shida ni karo tu? La! Utafiti wa 2014-2015 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa nchi hiyo walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, hasa Wamaya. Katika vita vya 1960 hadi 1996 watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kutoweka, wengi wao Wamaya hao hao. Shamba la mahindi na maharagwe ni dogo, kwa hivyo jamaa nyingi huenda kuchuma kahawa ya matajiri, watoto wakiwemo. Tena shuleni kumejaa Kihispania, ilhali nyumbani mtoto huongea Kikiche au Kimam.

Sasa akifadhiliwa mmoja, nduguye je? Mashirika mengine huweka pesa zote katika mradi wa kijiji, kama vile maji. Mimi naunga mkono hayo, ijapokuwa barua ya mtoto mmoja ndiyo humfanya mfadhili asichoke kutoa.