SOMO LA ROBO HII: MTANDAO UNAOTEGEMEA FUNDO MOJA



Katika toleo hili tunajifunza juu ya mitandao. Mtandao ni kama wavu: una mafundo na nyuzi zinazoyaunganisha. Uimara wake hutegemea jinsi mafundo hayo yalivyounganishwa.

Porini
Wakazi wa Mitundu wanaujua mtundu, mti wa jamii ya miyombo. Mizizi yake imeshikamana na nyuzi nyembamba za kuvu. Kuvu huupatia mti maji na madini kama fosforasi. Mti nao hutoa sukari. Baadhi ya uyoga tunaookota masika hutokana na kuvu hizo. Mti mmoja hushirikiana na aina nyingi za kuvu, hivyo aina moja ikipungua, nyingine zipo.

Relini
Reli ya Kati ni tofauti. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yaliiharibu maeneo ya Kilosa na Mpwapwa. Treni kutoka Dar es Salaam hazikuweza kufika Itigi, kwani hapakuwa na reli nyingine ya kuzungukia.

Katika intaneti
Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti Tanzania ikazorota sana. Haikuzimika kabisa kwa kuwa njia nyingine zilikuwepo. Mwaka 2000 Réka Albert, Hawoong Jeong na Albert-László Barabási walionyesha kuwa mitandao ya aina hii huvumilia kupoteza mafundo madogo mengi, lakini huvunjika upesi yakiondolewa mafundo makuu machache.

Katika miradi yetu
Tuchukue kamati ya maji. Kama mtu mmoja ndiye mwenye ufunguo wa pampu, daftari la michango na namba ya simu ya fundi, yeye ndiye fundo kuu. Akiugua au akihama, akina mama wanarudi kuchota kwenye madimbwi wakati pampu ni nzima. Kuongeza wajumbe hakusaidii ikiwa wote wanamtegemea yeye.

Maswali ya kujadili
1. Choreni mradi wenu: nani anapata taarifa kutoka kwa nani?
2. Ni nani akikosekana mwezi mmoja kazi itasimama?
3. Ni nani wa pili atakayefundishwa kazi hiyo, na lini?

Mchoro na majibu viwekwe kwenye faili la mradi, na vipitiwe kila uongozi unapobadilika.